Kadi ya harusi: Padre au Mchungaji?

Ndugu, umeuliza kama kwenye kadi kasisi wa Kianglikana atakayefungisha ndoa umwandike Padre au Mchungaji, maana shangazi anadai padre ni wa Roma tu. Shangazi kateleza kidogo. Waanglikana wa Dar, kama wa Zanzibar na Masasi, wamelelewa na wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana yenye desturi za karibu na Ukatoliki, na huko Padre ni neno la kila siku, hata kama kasisi mwenyewe ameoa. Wa Dodoma, walikofika CMS, misheni ya Kianglikana ya mrengo wa kiinjili, wamezoea Mchungaji. Askofu ni Baba Askofu, hapo hakuna mjadala. Shemasi bado si padre, msimpandishe cheo kwenye kadi! Mimi niliwahi kuchapa "Mch." kwa padre wa Ilala, alicheka, mama mkwe akanuna hadi keki ikakatwa. Mpigie katibu wa parokia kabla hujachapisha.