Ukijenga mtambo wa sumaku, waite majirani mchana

Usiku mmoja mama mwenye nyumba wangu hapa Uyole, Mbeya, alinigongea mlango akiwa na majirani wawili. Walikuwa wameona mwanga mkali dirishani na kusikia mlio. Mmoja alishasambaza mtaani kwamba nimejiunga na Freemason. Mwenzake alikuwa na hakika natengeneza bunduki. Mezani palikuwa na mtambo niliokuwa najenga wa kurusha msumari kwa sumaku ya umeme: ganda la kalamu lililozungushiwa waya wa shaba niliopewa na fundi wa kusuka mota kule Mwanjelwa, na kapasita (kifaa kinachotunza chaji ya umeme) niliyoitoa kwenye flashi ya kamera mbovu.

Sikuwaeleza vizuri, maana mwenyewe nilikuwa natetemeka. Mwanga ule ulikuwa shoti: bisibisi iligusa miguu yote miwili ya kapasita. Kapasita ya flashi hubeba volti zipatazo 300, na huendelea kuzishikilia hata baada ya kuchomoa betri. Ncha ya bisibisi iliyeyuka; ninayo hadi leo. Tangu hapo sivuki volti 25, na nawe nakusihi usivuke. Kabla ya kugusa kitu naimaliza chaji kupitia rizista, kifaa kinachozuia umeme usipite kwa kasi, kisha napima kwa mita mpaka isome sifuri. Mafundi wengi huimaliza kwa bisibisi. Usiwaige.

Umeme ukipita kwenye koili, yaani ule waya uliozungushwa, koili inakuwa sumaku na kuuvuta msumari kuelekea katikati yake. Mwanzoni nilitumia betri ya pikipiki ya volti 12 na swichi ya kubonyeza. Msumari uliingia, ukayumba mara mbili, ukaganda katikati. Wiki tatu nzima nikabadilisha waya, nikaongeza mizunguko, wapi! Kumbe koili inavuta kutoka pande zote mbili: msumari ukivuka katikati huku umeme ungali unapita, unarudishwa ulikotoka. Ndiyo maana kapasita inahitajika, kwa kuwa inamwaga chaji yake kwa mkupuo mmoja, na ukipanga vizuri inakuwa imekwisha wakati msumari unafika katikati.

Halafu pima. Hapa ndipo naomba unisikilize kuliko pengine pote. Mimi niliweka koili ukingoni mwa meza yenye kimo cha sentimita 75, nikamwaga unga kidogo sakafuni ili uonyeshe alama. Msumari wa gramu 5 ulidondoka sentimita 60 kutoka mezani. Kitu hutumia sekunde 0.39 kuanguka kimo hicho, kwa hiyo kasi yake ilikuwa kama mita 1.5 kwa sekunde, polepole kama mtu anayetembea kawaida. Kapasita yangu ya maikrofaradi 4,700 (kipimo cha uwezo wake wa kubeba chaji) kwa volti 25 ilibeba nishati ya jouli 1.5 hivi, lakini msumari uliondoka na chini ya nusu ya asilimia moja ya nishati hiyo. Nyingine iliishia kupasha waya joto.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonisaidia mbele za watu. Jirani wa bunduki aliona alama ya unga, akaelewa. Ilibidi niitumie pia kwa kaka mmoja aliyetaka tuchangishane hela tuuze "umeme wa bure". Huyu alinipa shida kuliko wanaoniita mchawi, kwa sababu anapenda unachofanya, na ukinyamaza tu umeshamdanganya. Nilimwonyesha jouli zilizoingia na zilizotoka. Hakufurahi.

Usikiite kifaa chako bunduki, hata kwa utani na wenzako, wala usikielekeze kwa kiumbe. Tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mtaa hauna subira ya kutofautisha.

Na ukikata tamaa, mkumbuke Kristian Birkeland wa Norway. Mwaka 1903 aliwaalika watu kwenye ukumbi wa chuo kikuu, katika mji ambao sasa ni Oslo, waone mzinga wake wa sumaku. Alipowasha, ukapiga shoti mbele yao kwa radi na kishindo. Biashara ya mzinga ilifia pale. Lakini mwaka huohuo yeye na Sam Eyde walianza kutumia radi ya umeme kuunguza hewa ili kupata nitrojeni ya mbolea, na mwaka 1905 ikazaliwa kampuni ya Norsk Hydro. Tawi lake la mbolea lilijitenga mwaka 2004 likaitwa Yara, na mifuko yake utaiona kwenye maduka ya pembejeo hapa Mbeya. Mama yangu anapanda viazi Isongole. Nilipomsimulia habari hii aliacha jembe akasikiliza mpaka mwisho.

Baada ya usiku ule nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, nikamwamkia, nikamwomba aje Jumamosi saa nne asubuhi na yeyote anayetaka. Walikuja kumi na mmoja. Nilifungua kila kitu, nikawapa waya waushike, nikaanza na ile betri ya pikipiki. Msumari ukaganda katikati.

"Kijana wangu, mbona hautokei upande wa pili?" mwenyekiti akauliza.

Ni swali lilelile lililonila wiki tatu. Nikampa swichi, akabonyeza mwenyewe mara nne, akiinama zaidi kila mara.