Kabla hujagawa namba kubwa, tazama kipeuo chake

Namba 1,234,567,890 niliichagua kwa mzaha, kwa vile tarakimu zake zimejipanga foleni. Nilitaka kujua imejengwa kwa namba tasa zipi, tena bila kikokotoo. Siku tatu baadaye nilikuwa nimejaza kurasa kumi na moja za daftari na sijafika popote.

Mwanzo ulikuwa mwepesi. Inaishia na 0, basi 2 na 5 zimo. Tarakimu zake zinajumlika kuwa 45, kwa hiyo 9 nayo inaigawa bila baki. Gawa kwa 90, unabaki na 13,717,421. Hapo ndipo niliponasa. Nikajaribu 7, 11, 13, 17, 19, nikijiambia mvumilivu hula mbivu. Kumbe tasa ya kwanza inayoigawa ni ya 504 katika orodha ya namba tasa!

Usinifuate huko. Tafuta kwanza kipeuo cha pili cha namba iliyobaki. Hapa ni 3,703 na ushei. Chukua namba nzima inayofuata, 3,704, uizidishe kwa yenyewe: 13,719,616. Toa 13,717,421, unapata 2,195, ambayo si mraba wa namba nzima yoyote. Songa hatua moja: 3,705 mara 3,705 ni 13,727,025, ukitoa, unapata 9,604. Hiyo ni 98 mara 98. Nilicheka peke yangu. Tofauti ya miraba miwili huvunjika papo hapo: 3,705 toa 98, na 3,705 jumlisha 98, yaani 3,607 na 3,803. Kuthibitisha kwamba zote ni tasa, inatosha kuzigawa kwa tasa zisizozidi 61.

Ujanja huu ni wa Pierre de Fermat, Mfaransa wa karne ya 17. Unafaa kwa namba witiri, na unakwenda mbio pale tu vigawo viwili vinapokaribiana. Kimoja kikiwa kidogo na kingine kikubwa mno, utahesabu miraba hadi uchoke. (Ndiyo maana wanaotengeneza funguo za siri za kompyuta kwa kuzidisha tasa mbili kubwa huhakikisha hazikaribiani kupita kiasi.) Siku hizi najaribu tasa ndogo hadi 50 hivi, kisha miraba kama 20, ndipo naamua kama kazi inastahili kuendelea.

Ukishapata tasa zote, idadi ya vigawo ni hesabu ya mstari mmoja: ongeza 1 kwenye kila kipeo (mara ngapi tasa hiyo inajirudia; hapa 3 imo mara mbili, nyingine mara moja moja), kisha zidisha. Kwa namba hii, 2 × 3 × 2 × 2 × 2, yaani vigawo 48. Nusu yake nilikuwa nayo tangu nilipogawa kwa 90, na zile kurasa kumi na moja hazikuniongezea hata kimoja.