Slim: kwa nini neno lake ni sheria

Umeuliza kwa nini Slim, mfanyakazi wa shambani katika Of Mice and Men, riwaya ya John Steinbeck, anaheshimiwa ilhali si bosi wala hana maneno mengi. Usijibu kwa orodha ya sifa. Insha nyingi hufeli hapo: "ni mpole, ana busara", basi. Onesha Steinbeck ameijengaje heshima hiyo.

Anza na kazi. Slim huendesha nyumbu (baghala, si wale wa Serengeti), hata ishirini kwa kamba moja tu. Heshima yake imetoka mikononi mwake, si ofisini.

Kisha tulia kwenye tukio la mbwa wa Candy, sura ya 3, maana uchambuzi wenyewe uko hapo. Carlson, mfanyakazi mwenzao, anapiga domo weee ili mbwa huyo mzee auawe, Candy mwenye mbwa hakubali. Slim akishasema mbwa yule hajifai hata mwenyewe, mambo yamekwisha. Fuatilia macho: Candy anamkazia Slim kwa muda mrefu akitafuta dalili kwamba atabadili kauli, na Slim hampi. Anayekata shauri ni Slim, si Carlson mwenye bastola. Nukuu sentensi hiyo ya macho, ina uzito kuliko aya nzima ya "busara".

Mkono wa Curley, mtoto wa bosi, ukishavunjwa na Lennie, mfanyakazi mwingine, Slim ndiye anayemwambia Curley aseme umenaswa na mashine, na Curley anatii.

Ila usimfanye Slim malaika. Watoto tisa wa mbwa wake, wanne aliwazamisha majini papo hapo kwa kuwa mama yao asingeweza kuwanyonyesha wote.