Maswali ya Wasomaji: Nani Anaamua Pampu Izimwe?

SWALI: Ndugu Mhariri, dada yangu ameolewa New Zealand, na shemeji yangu huko ana shamba la ng'ombe wa maziwa ambalo majani yake huyamwagilia kwa maji ya mto. Ametueleza kwamba ziko siku za kiangazi ambazo haruhusiwi kuwasha pampu, ijapokuwa kibali anacho na mto anauona una maji. Sisi huku Mbarali amri ya kufunga mifereji tunaijua, na ugomvi wake tunaujua. Ninachotaka kuelewa ni nani huko anayeamua, anapima nini, na shemeji akiwasha pampu usiku nani atajua?
Msomaji, Mbarali

JIBU: Anayeamua ni halmashauri ya mkoa, lakini usiifikirie kwa sura ya mkoa wa kwetu. Mageuzi ya serikali za mitaa ya 1989 yalichora mipaka ya mikoa ya New Zealand kwa kufuata, kwa sehemu kubwa, mabonde ya mito, kiasi kwamba mara nyingi mpaka unapita kwenye mgongo wa milima pale maji yanapogawanyika. Kwa maana hiyo halmashauri hizo, ambazo ni 11, pamoja na nyingine 5 zinazobeba kazi za mkoa na za wilaya kwa pamoja, zinafanana zaidi na bodi zetu za maji za mabonde, kama ile ya Bonde la Rufiji iliyo jirani yako, isipokuwa kwamba zina madiwani waliochaguliwa na wananchi.

Sheria ya usimamizi wa rasilimali ya 1991 ndiyo iliyoweka msingi wa vibali. Ng'ombe wa shemeji yako wakinywa maji ya mto hawahitaji kibali, mradi unywaji wao hauharibu mazingira. Majani ndiyo yanayokihitaji, na kibali hicho hakiwezi kuzidi miaka 35. Ndani yake mna masharti, na kwa mito mingi sharti kubwa ni hili: mtiririko ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, kwenye kituo cha vipimo kilichotajwa kwenye kibali, mwenye kibali apunguze maji anayovuta au aache kabisa. Ndiyo maana shemeji yako anaona maji na bado hana ruhusa. Maji anayoyaona yameachwa kwa ajili ya samaki na kwa walioko chini ya mto.

Kujua mtiririko ni kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Tuanze na mvua. Kipimo kinachotumika sana huko kina vikombe viwili vidogo vilivyowekwa kama watoto wawili kwenye ubao wa bembea: kimoja kikijaa kinainama na kumwaga, mwenzake anapanda kupokea, na kila mwinamo, ambao kwa kawaida ni milimita 0.2 au 0.5 za mvua, hutumwa ofisini kwa mawimbi ya redio, simu au setilaiti. Vituo vingi viko milimani ambako hakuna mtu wa kusoma chupa kila asubuhi, na haitoshi kuweka kimoja au viwili. Kwenye mto Cropp, katika milima ya magharibi ya Kisiwa cha Kusini, zaidi ya milimita 18,000 zilipimwa ndani ya miezi 12 ya 1997 na 1998, ilhali mji wa Alexandra, kisiwa hicho hicho, kwa kawaida haufikishi 400 kwa mwaka.

Mtoni, chombo cha kudumu kinasoma kina tu, wala hakijui ni lita ngapi zinazopita. Ili kina kigeuzwe kuwa mtiririko, mafundi hushuka mtoni mara kwa mara, kwenye maji machache na kwenye mafuriko, wakapima kasi na upana, kisha wakachora mstari unaooanisha kina na mtiririko. Mafuriko yakihamisha kokoto za sakafu ya mto, mstari ule haufai tena na kazi inaanza upya. Kwa maoni yangu hapa ndipo thamani ya mfumo mzima ilipo, ingawa ni kazi ambayo mpiga kura haioni.

Ama kuhusu pampu ya usiku: kanuni za 2010 zilimtaka kila mwenye kibali cha kuvuta lita 5 au zaidi kwa sekunde afunge mita, na marekebisho ya 2020 yakataka wavutaji wakubwa, wa lita 20 kwa sekunde na kuendelea, wawe wanarekodi kila robo saa na kutuma takwimu kila siku kuanzia Septemba 2022. Mita yenyewe hukaguliwa na mtaalamu kila baada ya miaka 5. Shemeji akiwa katika kundi hilo, pampu ya saa nane usiku itaonekana kesho yake.

SWALI: Na halmashauri yenyewe ikizembea?
Msomaji, Tanga

JIBU: Imetokea. Mvua kubwa ya tarehe 5 na 6 Agosti 2016 ilisomba kinyesi cha kondoo hadi kwenye bwawa lililo kama mita 90 kutoka kisima cha mji wa Havelock North, vimelea vikapenya hadi kwenye maji ya bomba, na maelfu ya watu waliugua katika mji wenye wakazi takribani 14,000. Kwanza halmashauri ya mkoa wa Hawke's Bay iliishtaki halmashauri ya wilaya, yenye kibali cha kisima, kwa kukiuka masharti, kisha ikaondoa mashtaka. Tume ya uchunguzi haikusema kuwa kasoro za mkoa ndizo zilizoleta ugonjwa moja kwa moja, lakini ilisema wazi kwamba mkoa haukutimiza wajibu wake wa kuyalinda maji ya chini ya ardhi: masharti ya kibali yalikuwa ya jumla mno, na ufuatiliaji wake ulikuwa hafifu. Kisima kilikuwa na kibali miaka yote hiyo.