Kiwanja cha bondeni Hananasif: bahari inakuhusu hata kama huioni

Mkuu, umeuliza kama habari za bahari kupanda zinamhusu mtu anayenunua kiwanja bondeni Hananasif, hapa Dar kwenye bonde la Mto Msimbazi, wakati dalali kakuhakikishia kwamba "maji ya huku ni ya mvua tu". Nilipanga kule bondeni miaka kadhaa, kabla ya ile bomoabomoa ya nyumba za bondeni ya mwishoni mwa 2015, na baadaye nikafanya kazi na mafundi wa mitaro. Nakujibu kwa niliyoyaona.

Dalali hajasema uongo. Yanayoingia ndani ni ya mvua kweli, tena mengine yamenyesha huko Pugu na Kisarawe wakati wewe unaanika nguo juani. Muulize sasa yanatoka bondeni kupitia wapi. Mto Msimbazi unamwaga sehemu moja, pale Daraja la Selander, na mwenye amri pale ni bahari. Siku za bamvu, yaani bahari inapojaa sana, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya kupwa na kujaa Dar inapita mita 3. Bahari ikijaa mto unakosa pa kumwaga, unasimama, kisha maji yanarudi mitaani kupitia mitaro ileile iliyochimbwa kuyatoa. Mvua ikikuta maji mafu, yaani siku ambazo bahari haijai sana, jioni unafagia tope na kulala. Mvua hiyohiyo ikikuta bamvu, utalala juu ya meza.

Mama mwenye nyumba wetu alikuwa mtu wa Mafia. Masika ikichachamaa, wenzake wanatazama mawingu, yeye anauliza mwezi una siku ngapi. Akisema tupandishe magodoro na unga, hakuna aliyebishana naye. Kilichomuudhi zaidi hata hivyo ni watu wa kutapisha vyoo. Maji yakishaanza kupita tu, wanafungua shimo liende na mto, na hayo ndiyo yanayokuja sebuleni kwako. Ukisikia kipindupindu baada ya mafuriko, usitafute mchawi.

Sasa hiyo bahari kupanda. Jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa, IPCC, linasema kina cha bahari duniani kiliongezeka kama sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na kuanzia 2006 hadi 2018 kasi ilikuwa milimita 3.7 kwa mwaka. Watu wakisikia milimita wanacheka. Lakini bonde lile ni tambarare, na kila sentimita inapanda juu ya bamvu lililokuwepo tayari, kwa hiyo saa ambazo mto umezibwa zinazidi kuwa nyingi. Kufika 2100 makadirio yao ni kuanzia sentimita 28 hadi mita 1 hivi, kutegemea dunia itachoma mafuta kiasi gani. Desemba 2011 watu zaidi ya 40 walikufa Dar kwa mafuriko, wengine wakahamishiwa Mabwepande, na hapo bahari haijapanda kiasi hicho.

Kuna wanaosema ukuta wa ufukweni wa Barabara ya Barack Obama utasaidia. Ule unazuia mawimbi yasile barabara, na kazi hiyo unaifanya. Ila kwa mto hausaidii kitu. Na wanaodhani mambo ya bahari kula nchi ni hadithi waulize wazee wa Pangani kuhusu kisiwa cha Maziwi, kilichokuwa na mivinje na kasa wakitaga. Leo ni fungu la mchanga, maji yakijaa hulioni.

Ukitaka kujua ukweli wa kiwanja, usiende Jumapili ya jua na dalali. Nenda siku ya mwezi mpevu, saa kumi jioni hivi, bahari ikiwa imejaa, usimame kwenye mtaro wa karibu. Maji yakiwa yamesimama au yanarudi juu bila hata tone la mvua, jibu umepata. Tazama pia milango ya majirani: wakiwa wamejenga vikuta vya tofali mbele ya vizingiti, hawakuvijenga kwa urembo. Kujaza kifusi kunasaidia kidogo, ila maji uliyoyasukuma yanaingia kwa jirani, naye mwakani atajaza zaidi yako.

Halafu kuna sheria. Ile ya mazingira ya 2004 inazuia ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na bonde lenyewe lina mradi mkubwa wa mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa 2022: kuhamisha watu, kupanua mto, daraja jipya Jangwani. Kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba, pita serikali ya mtaa uone kama kiwanja kimo kwenye ramani ya mradi. Anayekuuzia kwa haraka huenda keshapokea fidia.

Pesa hiyohiyo inaweza kukupa kipande kidogo Hananasif ya juu, kuelekea Kinondoni. Mimi ningechukua hicho kidogo.