Sekunde 18 tena? Kwa wadogo zangu wa matanga ya leza

Jumamosi nimeingia tunapokutania hapa Moshi nikakuta ubaoni lile swali la tanga, yaani kioo chepesi kinachosukumwa angani na mwanga wa leza, litachukua muda gani kufikia kasi: tanga la gramu 1, leza ya gigawati 100, asilimia 20 ya kasi ya mwanga, jibu sekunde 18. Na mmelizungushia duara jekundu kabisa. Wadogo zangu, nawapenda, ila hilo jibu huja na kila kundi jipya, na mimi nimechoka kulifuta.

1. Anzeni na momentamu (tungamo mara kasi), siyo nishati. Hapa nitakaa, maana pananiuma. Mimi sekunde zangu 18 sikuziacha ubaoni: nilizipeleka Arusha, mbele ya watu wazima, kwenye slaidi. Nilichukua nishati mwendo, jouli trilioni 1.8, nikagawanya kwa nguvu ya leza, nikaona nimemaliza. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akauliza kwa upole, "Mwanangu, mwanga unaorudi umeuweka wapi?" Ningenyamaza ningepona. Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya relativiti, nadharia ya Einstein ya kasi kubwa. Akainuka, akachukua kalamu, akaandika gama, namba inayoonyesha relativiti inabadilisha hesabu kiasi gani, kwa kasi ya 0.2c (c ni kasi ya mwanga): 1.02. "Hii ni asilimia mbili. Wewe umekosea mara tano." Halafu wakati wa mapumziko akanimiminia chai yeye mwenyewe, na hiyo chai ndiyo iliyoniua.

Kani ni 2P/c, P ikiwa nguvu ya leza. Muda basi ni mvc/2P (m ni tungamo la tanga, v kasi yake ya mwisho), sekunde 90. Tanga likiwa bado halijashika kasi, fotoni, chembe ya mwanga, inaligonga na kurudi na nishati yake karibu yote. Hata mwishoni, kwenye 0.2c, Dopla (wimbi kurefuka kwa sababu kioo kinakimbia) inairudisha ikiwa bado na theluthi mbili: wimbi lililoondoka na mikromita 1.06 mtalipokea likiwa na 1.59. Nishati yenu imerudi nyumbani na mwanga huo. Na 90 yenyewe ni ya kukadiria tu, Dopla inaiongeza.

2. Ile mbili ya 2P/c ni ya kioo kinachoakisi kila kitu. Tanga jeusi linapata nusu ya kani hiyo.

3. Zoeeni ukubwa wa namba. Bwawa la Julius Nyerere ni megawati 2,115. Zigeuze zote ziwe mwanga, upige kioo kamili: niutoni 14, uzito wa mchele wa Mbuyuni usiofika kilo moja na nusu. Breakthrough Starshot, mradi wa kurusha matanga ya leza hadi nyota za jirani, ilipotangazwa 2016, ilitaka gigawati 100, yaani mabwawa 47 kama hilo, na sisi tunakutana mchana kwa kuogopa umeme kukatika! Lakini msikate tamaa na udogo. IKAROS, chombo cha anga cha Wajapani, 2010, ilikuwa na tanga la mita 14 kwa 14, ikapata miliniutoni 1.12 kutoka kwenye jua, na ikapita Zuhura.

4. Joto. Alumini inafyonza karibu sehemu moja ya kumi ya mwanga. Mwageni gigawati 100 kwenye tanga lenu la mita 4 kwa 4, kisha niambieni limebaki nini. Ndiyo maana watu wanahangaika na filamu za nitridi ya silikoni.

5. Mwale wa leza unatanuka. Ndiyo, hata wa leza. Ndani ya zile sekunde 90 tanga limeshafika kilomita milioni 2.7. Kwa kioo cha kurushia chenye kipenyo cha kilomita 1, doa huko lina upana wa mita 7 hivi, na tanga lenu ni la mita 4. Kuna mmoja wenu (anajijua) alibishana nami mpaka daladala za mwisho zikaondoka. Tulirudi kwa miguu, bado anabisha. Huyo nina matumaini naye.

6. Msiniletee kinu cha Crookes, kile cha mapanga meusi na meupe ndani ya chupa ya kioo, kama ushahidi wa kani ya mwanga. Kinazunguka kinyume na ambavyo kani ya mwanga ingekizungusha, kwa sababu ya gesi iliyobaki ndani. Mleteni Lebedev, Mrusi aliyeipima kani hiyo kwenye maabara, 1901.

7. Andikeni MW (megawati) na mW (miliwati) kwa herufi zinazosomeka. Tofauti yake ni mara bilioni moja.