Bila herufi, hakuna hela: kwa mkuu anayetaka kununua tiketi za mtoano mapema

Mkuu, funga hiyo pochi kwanza. Umesema timu yako ya besiboli inaongoza kwa mechi 5, zimebaki 13, na kuna jamaa anakuuzia tiketi mbili za mtoano kabla bei haijapanda. Halafu ukauliza namba ya kufuzu inapigwaje, ugomvi wa kocha na warushaji (wale wanaomrushia mpigaji mpira) una maana gani, na wapi utazame mechi kwenye simu kwa bei poa. Mimi nilipofika kwenye tiketi mbili tu nikaweka chai chini.

Nipo Lowell, Massachusetts. Mwaka 2011 nilikuwa na miaka mitatu ya ushabiki wa Red Sox, timu ya Boston, yaani ule umri mbaya kabisa: kanuni zote unazijua, kuumia bado. Baada ya mechi ya tarehe 3 Septemba tulikuwa na ushindi 84 na vipigo 54. Tampa Bay Rays wa Florida, waliokuwa wanatufukuzia nafasi ya waildikadi (ile ya timu bora isiyoongoza kundi lake), walikuwa 75 kwa 63. Pengo la mechi 9, zimebaki 24. Wapiga hesabu wa mitandaoni walitupa zaidi ya asilimia 99 ya kufuzu.

Hapo ndipo akatokea ndugu yetu mmoja wa huku huku, mtu tuliyekuwa tunachanga naye misiba. Ana mtu wake, anasema, mwenye tiketi za mechi ya kwanza ya nyumbani ya mtoano pale Fenway Park, uwanja wetu. Dola 390 moja, mkononi, tiketi utapewa zikishachapwa. Nikamuuliza, wasipofuzu? Akacheka, akanitolea simu: "Asilimia 99, bwana mdogo. Unaogopa hiyo moja?" Aisee, hiyo moja ndiyo iliyonila.

Nikatoa 780. Tena siyo ya akiba, ya kodi. Nikampigia shemeji yangu aliyekuwa Dallas akate ndege, tiketi ya bei chee isiyorudishwa. Nikabadilishana zamu na watu pale kwenye nyumba ya wazee nilikofanya kazi: wao wanikalie Oktoba, mimi niwakalie Krismasi na mwaka mpya. Kuna mzee mmoja pale, shabiki tangu enzi, aliposikia akanitazama kama mtu aliyenunua kiwanja baharini. Akaniambia mwaka 1978 Red Sox waliwahi kuwa mbele ya Yankees wa New York kwa mechi 14 na bado wakaukosa ubingwa wa kundi. Akanionyesha gazeti, ukurasa wa msimamo: timu ikishafuzu kikweli, huwekewa herufi ndogo kando ya jina. "Unaiona herufi?" Siioni. "Basi huna kitu." Nikamchukulia kama mzee wa kulalamika tu. Nilimpa hata dawa zake kwa kununa.

Kilichofuata ni hiki. Septemba ile tulishinda mechi 7, tukapoteza 20. Na uone ubaya wa ratiba: tulikutana na Rays wenyewe mara 7, wakatufunga 6. Mechi ya ana kwa ana haina huruma, inakula pengo mechi nzima kwa usiku mmoja. Hiyo asilimia 99 haikunionyesha ratiba, na muuzaji ndiyo kabisa.

Usiku wa tarehe 28 Septemba, mechi ya mwisho, wote tuko sawa, 90 kwa 71. Nipo zamu ya usiku, naiba macho kwenye televisheni ya sebuleni. Sisi tuko ugenini Baltimore, tunaongoza 3 kwa 2. Rays kwao wako nyuma 7 kwa 0 mbele ya Yankees. Nikampigia shemeji nikamwambia apakie sweta, Boston baridi. Rays wakarudisha zote saba. Ya mwisho Dan Johnson aliupiga mpira nje ya uzio ikiwa umebaki mrusho mmoja tu wafe. Kwetu Papelbon, mrushaji wetu wa kufunga mechi, naye alikuwa kabakiza mrusho mmoja amalize kazi. Msimu mzima, tukiongoza baada ya inningi (vipindi) 8 kati ya 9, hatukuwa tumepoteza hata mara moja, mara 77. Ya 78 ikatushinda. Robert Andino wa Baltimore akaupiga, Carl Crawford wetu akateleza kuufuata, ukamponyoka, tukafungwa. Huyo Crawford tulimtoa Rays kwa mkataba wa dola milioni 142, sijui kama tulimnunua au walitukopesha. Dakika kama tatu baadaye Evan Longoria wa Rays akautoa nje ya uzio kule Florida, 8 kwa 7. Wao wakafuzu, sisi tukabaki nje. Yule mzee alikuwa macho. Hakusema kitu, akaomba maji.

Muuzaji? Hela ilishakwenda kwa mtu wake, na mtu wake hakuwahi kuwa na jina. Shemeji alikuja hivyo hivyo. Nikampeleka kupiga picha nje ya geti la Fenway, tukala kuku. Baadaye Oktoba hiyo hiyo gazeti la Boston Globe likaandika kwamba baadhi ya warushaji, siku zisizo zamu yao, walikuwa wanakaa chumba cha kubadilishia nguo wakila kuku wa kukaanga na bia huku mechi inaendelea. Kocha Francona alikuwa ameshaondoka. Angalau kuku wangu niliwalipia mwenyewe.

Namba ya kufuzu: chukua 163, toa ushindi wenu, toa vipigo vya anayewafukuza. Ikifika sifuri, mmefuzu. Sisi ilikuwa 16 siku niliyotoa hela. Ilishuka hadi 2 ikaganda hapo.

Na siku hizi kuna mtego mwingine. Tangu 2022 zinaingia timu 6 kila ligi, kwa hiyo utasikia "hata tukiteleza tutaingia". Sawa, lakini raundi ya kwanza mechi zote, hata zikifika tatu, zinachezwa kwa aliye juu. Ukiingia nafasi ya tano au ya sita, unaweza ukafuzu kabisa na uwanja wenu usifunguliwe hata siku moja. Huyo jamaa kakuambia tiketi zake ni za raundi ipi?

Subiri herufi. Utalipa zaidi, lipa. Huyo muuzaji mwombe aandike kwamba msipocheza nyumbani anarudisha hela yote, na lini. Akianza kukutajia asilimia, kata simu. Wangu mimi tukikutana msibani hadi leo ndiye anayeniwahi kunisalimia, kwa sauti kubwa, halafu anahamia upande wa akina mama.